Jiwe la Shaksi

Rafiki yangu aliponipigia simu kusema daktari wa macho amemwambia nuru iliyobaki ni ya miezi tu, hakuningoja nimpe pole. Akasema mara moja: "Warya, we bwana, nipeleke kwa ile jiwe yetu kabla giza haijaingia kabisa."

Basi Jumamosi asubuhi tukatoka Isiolo mjini kwa miguu, watatu, tukashika njia ya Leparua tuliyokuwa tukiswaga mbuzi utotoni. Wa tatu wetu ni dereva wa lori, mtu wa kitambi, ambaye alianza kuuliza kama tumefika hata kabla hatujavuka laga, ule mto wetu wa mchanga. Mimi nilikuwa nimenuna tangu mwanzo. Palipokuwa na mgunga wetu wa kivuli sasa pana ua wa mabati. Pale tulipokuwa tukifukua mchanga kutafuta maji, malori yamechota mchanga wenyewe, nikamtazama dereva wetu kwa jicho baya. Mwenye macho mabovu ndiye aliyekuwa akifurahi. Alisimama, akanusa hewa, akasema hapa ndipo fisi alipomla beberu wa mama yake. Alikuwa sahihi.

Jiwe tulilikuta limezingirwa na vichaka vya mathenge, na miiba yake ikamchania dereva shati. Lakini juu ya jiwe mashimo tuliyoyachonga yalikuwepo yote. Hapo ndipo tulipocheza shaksi kila mchana mbuzi wakipumzika: unasogeza kete zako, ukipanga tatu kwenye mstari mmoja unasema "jare" na kuondoa moja ya mwenzako. Kete zangu zilikuwa vijiti, za rafiki yangu mavi makavu ya mbuzi. Na niseme ukweli, nilikuwa mwizi. Kila alipogeuka kuwatazama mbuzi, nilisogeza kijiti. Tulipigana ngumi juu ya jiwe hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Tukaketi. Rafiki yangu akapapasa mashimo kwa kidole, moja baada ya jingine. Tukaanza kucheza, yeye akitofautisha kijiti na kinyesi kwa kugusa. Muda si mrefu niliona anakaribia kupanga tatu. Ningeweza kumziba. Nikajifanya sijaona, nikasogeza kijiti kingine, naye akapanga tatu.

"Jare!" akapiga kelele dereva kwa niaba yake.

Rafiki yangu hakuondoa kitu. Vidole vyake vilirudi kwenye shimo alilolijaza sasa hivi.

"Hapa ungenifunga," akasema. "Umeniachia."

"Sikuona."

"Asiyeona hapa ni mimi."

Dereva akajishughulisha na shati lake. 

"Nikiwa na macho mzuri ulikuwa unaniibia kila siku," akasema polepole. "Sasa umeanza kunionea huruma? Niibie, bwana. Niibie kama zamani."

Kisha akageuza uso upande ambako mbuzi wa watu walikuwa wakilia, akatulia hivyo, ananingoja.  Nikasogeza kijiti kimoja, taratibu kabisa.

Akaudaka mkono wangu papo hapo.

"Mwizi!" akapaza sauti, akicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikalia bila kujificha. Mkono wangu hakuuachia, hata tulipoinuka na kuanza kurudi mjini.