Albamu Iliyorekodiwa Kwenye Stoo ya Viazi

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana nisiyemjua. Alisema anakusanya rap za zamani za Nakuru na za huku milimani, zile ambazo hazikuwahi kufika kwenye mtandao, na kwamba kuna albamu moja ya Dundori ameitafuta hadi amechoka. Mwishowe akauliza, kwa adabu kabisa, "Sister, si ni wewe ule mtoto wa korasi?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Kopi sina, na sijui aliye nayo. Akashukuru, akakata. Nilirudi kwenye kaunta ya duka la dawa ninakofanya kazi, hapa mjini, nikahudumia wateja watatu au wanne, kisha nikajikuta naivumisha ile korasi mdomo ukiwa umefungwa. Sikuwa nimeiimba miaka mingi.

Basi kaa nikueleze, maana ni hadithi ambayo nimewahi kuisimulia vipande vipande tu.

Nyumbani kwetu Dundori tulikuwa watatu: mama, dada na mimi. Kama umewahi kupanda huko juu kutoka mjini, unaijua ile baridi. Asubuhi ukungu unakaa juu ya viazi mpaka saa nne, na ukivuta pumzi unaona moshi wako mwenyewe. Mama alikamua ng'ombe kukiwa bado na giza la alfajiri, mimi nikabeba maziwa hadi barabarani ambako gari la maziwa lilipita, na nikirudi nilikuta uji umewekwa karibu na moto ili usipoe. Jioni kulikuwa na mukimo wa viazi, mahindi na majani ya malenge, na harufu ya kuni mbichi iliyotuingia hadi kwenye sare ya shule. Mama alikuwa mtu mzima tayari, mwenye magoti yanayouma, na watoto wengine shuleni walishangaa kwamba mama yangu alikuwa na mvi. Mimi sikushangaa. Nilijua nilizaliwa kitinda mimba, mwisho kabisa, baada ya dada, na kwamba katikati yetu kulikuwa na pengo la miaka kumi na sita. Ndivyo nilivyoambiwa.

Dada alikuwa mchimba viazi. Alikuwa ameacha shule akiwa form two kwa sababu ya ugonjwa, hilo nalo niliambiwa, na hakuna aliyetaja ni ugonjwa gani. Alikuwa mrefu, mwenye mikono migumu, na kila Jumamosi alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka nywele kwa nguvu hadi macho yangu yakavutika. Na alikuwa anarap. Alirap akiinama na jembe, akipakia magunia, akikata majani ya ng'ombe. Mwanzo wanawake wa shambani walimcheka. Baadaye walianza kuchimba kwa mdundo wake, na siku asipokuja kazi ilionekana ndefu. Mama hakuipenda. "Hiyo si kuimba," alizoea kusema. "Huko ni kugombana na hewa."

Kule senta, penye maduka, kulikuwa na fundi wa simu, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliyekuwa na kompyuta na programu ya kutengeneza midundo. Yeye na dada walikubaliana kufanya albamu nzima, nyimbo tisa. Walikosa mahali tu, kwa sababu kibanda cha fundi kilikuwa ukuta kwa ukuta na kinu cha kusaga mahindi. Dada akamwomba mama stoo yetu ya viazi. Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, na stoo ilikuwa tupu, ikingoja mavuno. Mama alifikiri siku mbili, akajibu kwa sharti moja: "Viazi vikiingia, nyinyi mnatoka."

Kwa hiyo walikuwa na kama wiki tatu. Waliziba nyufa za mbao kwa magunia, wakatundika mablanketi ukutani, wakavuta waya wa stima kupitia dirisha la jikoni. Maiki ilining'inia kwenye boriti kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, imevalishwa soksi ya shule, soksi yangu. Ndani kulinuka udongo na viazi vilivyoota. Mvua ikianza kugonga mabati, kazi ilisimama, tukakaa juu ya makreti tukila viazi vya kuchemsha na chumvi tukingoja inyamaze. Ng'ombe alilia katikati ya wimbo wa pili, na fundi alipousikiliza tena akasema, "Hapana, hiyo tunaiacha. Imeingia kwa beat." Iliachwa.

Wiki ya pili dada aliniambia kuna wimbo unahitaji sauti ya mtoto. Niliimba kwaya ya Sunday school, kwa hiyo sikuogopa. Alinifundisha mistari miwili:

*Niite, niite tu, niko karibu,*
*hata ukikosea jina, nitajibu.*

Niliuliza anayeitwa ni nani. Dada akasema, "Imba tu. Wewe imba kama unaita mtu ako upande ule mwingine wa shamba." Nikaimba. Akasema, "Tena." Nikaimba mara nyingi sana, nikiwa nimesimama kwenye kreti ili niifikie maiki, na mara ya mwisho nilipogeuka nikaona amempa fundi mgongo, kisha akatoka nje. Nilidhani nimeuharibu. Fundi alifuta miwani yake, akaniambia nimefanya vizuri, niende nikapeleke majani kwa ng'ombe. Beti zenyewe walizirekodi siku ambayo mimi na mama tulikuwa tumekwenda sokoni.

Viazi vilipoanza kuingia, albamu ilikuwa imekwisha. Dada aliipa jina Baridi ya Juu. Fundi alichoma CD moja baada ya nyingine kwenye kompyuta yake, dada akaandika jina kwa kalamu nyeusi juu ya kila moja, na wakaziuza wenyewe, mkono kwa mkono, senta, kwenye malori ya viazi, hadi Nakuru mjini. Watu wa bodaboda waliomba iwekwe kwa memory card. Wimbo wa kwanza ulihusu lumbesa, lile gunia ambalo dalali analijaza, analishonea kilemba cha wavu, analijaza tena, kisha analihesabu kama gunia moja. Wakulima waliushika siku ileile. Lori la dalali likiingia kijijini, kuna mtu angeuweka kwa sauti ya juu, na wazee kwa vijana wangeitikia pamoja. Dalali mmoja alikasirika hadi msimu huo hakukanyaga kwetu. Mtangazaji wa redio mjini akaucheza Jumamosi mchana, akasema huyu dem wa Dundori ni moto. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua, lakini niliona hakuzima redio.

Wimbo wenye sauti yangu ulikuwa wa saba, na mimi sikuwa nimeusikia. Nyumbani hatukuwa na mashine ya CD, na dada kila nilipomwomba alisema nitausikia. Nilikuja kuusikia nikiwa kwenye foleni ya kinu, na mahindi yangu kwenye beseni. Siku hiyo stima ya kinu ilikuwa imekatika, kwa hiyo kulikuwa kimya, na kibandani kwa fundi mteja alikuwa anaijaribu spika ya betri. Nikasikia sauti yangu. Nilifurahi, naungama, nikatazama wanawake waliokuwa nyuma yangu ili nione kama wameitambua. Walikuwa wanaangalia chini. Mmoja, jirani yetu wa chini, akamwita fundi: "Zima hiyo. Mtoto ako hapa."

Hakuzima haraka. Kwa hiyo nikasikia:

*Form two, sketi imebana, mathe ananiambia tulia,*
*mtoto atakuwa wangu, wewe rudi shule, wacha kulia.*
*Miaka kumi na moja namsuka nywele, ananiita dada,*
*naitika, nashika jembe, nachimba kama kawaida.*

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Hesabu haikuwa ngumu.

Kitu ninachokumbuka zaidi ni kwamba nilingoja. Stima ilirudi, nikasagiwa unga, nikaubeba ukiwa moto kichwani, nikaenda nyumbani kwa mwendo wa kawaida. Mama alikuwa jikoni. Nikaweka beseni chini, nikamuuliza, "Mama, mimi ni mtoto wa nani?"

Hakujifanya hajaelewa. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha goti lililomuuma zaidi. "Alikuwa na miaka kumi na sita," akasema. "Nilitaka arudi shule. Ukiwa wangu, hakuna mtu angemcheka darasani."

"Na alirudi?"

"Hakurudi. Lakini wewe ulikuwa umeshazoea mgongo wangu."

Dada aliingia na gumbuti zenye matope, jambo ambalo mama hakuliruhusu kamwe, na siku hiyo hakumkemea. Alitutazama sote wawili. "Umeskia?" Nikasema nimesikia. Akasema, "Nilitaka kukuambia mimi mwenyewe. Nimejaribu miaka yote hiyo, mdomo unakataa. Kwa maiki ulikubali." Kisha mama akamgeukia, na maneno waliyosemezana sitayarudia hapa. Mama alitaka CD zote zirudishwe. Dada alisema haziwezi kurudishwa, zimeshafika Nyahururu. Mimi nikauliza swali moja tu, la kitoto: "Sasa nikuite nani?" Dada akasema, "Vile umezoea. Mimi nitaitika." Nililala vizuri siku hiyo. Watu hutegemea niseme nililia, lakini kilio kilikuja miezi mingi baadaye, shuleni, kwa sababu ya penseli iliyovunjika.

Kwa mama mambo yalikuwa magumu zaidi. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, na kwa miaka kumi na moja alikuwa amesimama mbele yao na mtoto ambaye si wake akisema ni wake. Baadhi yao walijua tangu mwanzo, nadhani, na walinyamaza kwa heshima. Wimbo uliwaondolea nafasi ya kunyamaza. Jumapili mbili mama hakwenda ibada. Alisema ni magoti. Jumapili ya tatu alivaa lile gauni lake la bluu, akanipaka mafuta miguu, akamwambia dada, "Na wewe vaa." Dada hakuwa ameingia kanisani tangu nizaliwe.

Tulifika wimbo ukiendelea, tukakaa benchi la tatu, mimi katikati. Ulipofika wakati wa kukaribisha wageni, mzee wa kanisa aliyekuwa anaongoza alimwona dada, akasita, kisha akasema kwa upole kwamba kama kuna mtu amekuja leo baada ya siku nyingi, asimame asalimie. Dada aliangalia mikono yake. Mama ndiye aliyesimama, polepole, akishika benchi la mbele. Akasema, "Bwana asifiwe. Mimi mnanijua. Huyu ni binti yangu. Na huyu mdogo ni binti yake. Nilikosea kuwaambia vingine." Akakaa. Kuku walisikika nje. Halafu yule jirani wa foleni ya kinu akaanza wimbo, wengine wakadakia, na ibada ikaendelea. Dada alinishika mkono hadi mwisho wa mahubiri. Mkono wake ulikuwa unakwaruza.

Albamu ilikaa msimu mmoja. Wimbo wa lumbesa ulichezwa hadi watu wakauchoka, yule mtangazaji akahamia stesheni nyingine, na simu mpya zikaja zisizotumia kadi zile. Fundi alipata kazi ya umeme Olkaria, kwenye mabomba ya mvuke, na nasikia ana familia kubwa. Mama alitutoka miaka minne iliyopita. Kwenye mazishi nilisoma wasifu wake, na nilipofika mahali pa kutaja watoto na wajukuu nilijitaja kote kuwili, na hakuna aliyeshangaa. Stoo ilibomolewa. Siku hizi viazi vinachukuliwa shambani moja kwa moja, na pale iliposimama kuna nyumba ya mawe ya mpangaji, mwalimu, ambaye hajui kitu. Hata zile sauti za kuchimba kwa pamoja sizisikii tena nikienda. Kila mchimbaji ana vidude vyake masikioni, na kila mmoja anasikiliza wimbo wake.

Dada yuko Mau Narok, analima viazi kwenye shamba la kukodi, ana gumbuti mpya na wafanyakazi wanaomwogopa kidogo. Bado namwita dada. Pasaka nilimtembelea, tukatembea kwenye mistari ya viazi vilivyoanza kutoa maua, upepo wa huko ukitupiga masikio. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza, kwa nini hakufanya albamu nyingine, wakati watu walikuwa wanamsikiliza.

Aliinama, akang'oa gugu, akalikung'uta udongo.

"Zile nane zingine zilikuwa za watu," akasema. "Ile moja nilitaka ikufikie wewe. Na ilikufikia."

Tukaendelea kutembea hadi mwisho wa shamba, ambako wafanyakazi wake walikuwa wanatungoja.