Tope la Bonareri

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bonareri ni tope. Ilikuwa Februari ya mwaka huu wa 1997, mwezi ambao vumbi la Kisegi huingia hata ndani ya kopo la sukari, na kila mtu sokoni alikuwa na miguu myeupe kama aliyekanyaga unga. Bonareri peke yake alikuwa na tope jeusi, bichi, lililompanda hadi karibu na magoti. Alikuwa amekaa nyuma ya mikungu yake ya ndizi, miguu ameinyoosha mbele, mahali ambapo kila mpita njia alilazimika kuiruka.

"Mama, umekosa maji ya kunawa?" nilimwuliza. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na nilidhani ninamwonea huruma.

"Maji ninayo, mwalimu. Ndiyo maana nina tope," alijibu. "Nitanawa wakishaliona wote waliosema halitarudi."

Teresa, muuza samaki aliyekaa kando yake, alicheka. "Mwache huyo. Wenzake huja sokoni na mkufu. Yeye anakuja na tope."

Habari za tope hilo nilizipata kidogo kidogo, kwa Bonareri mwenyewe, kwa Teresa, na kwa mumewe Mokaya, ambaye huzungumza kama mtu anayechomoa misumari.

Bonareri alizaliwa katika vilima vya Kisii, akalelewa mjini Migori, ambako mama yake aliuza ndizi kando ya barabara ya kwenda Isebania. Aliolewa na Mokaya, seremala na Msabato mwaminifu, nao wakahamia Kisegi, kijiji cha Wajaluo si mbali na ziwa, kutafuta riziki. Walipewa mahali pa kujenga katika ardhi ya Mzee Javan. Kwa Kijaluo mtu anayeishi katika ardhi ya wengine huitwa jadak. Jadak hulima mahindi, hufuga kuku, hucheka na majirani, lakini hapandi mti wa kudumu. Mti humpa mtu haki ya kesho, na kesho ya jadak iko mikononi mwa mwenyeji.

Katika ardhi hiyo ya Javan, chini ya kilima, kulikuwa na chemchemi. Maji yake yalitiririka hadi kwenye bwawa dogo lililozuiwa kwa mawe, na humo ndimo Wasabato wa Kisegi walimobatiza watu wao kila Agosti, wakati wa makambi, mikutano yao mikubwa ya kila mwaka. Bonareri alibatizwa humo mwaka waliofika. Maji yalimfika kifuani, akaibuka akikohoa, na mpaka leo anasema hajawahi kuogopa na kufurahi kwa wakati mmoja kama siku ile.

Mokaya alipofanywa mzee wa kanisa, alisafiri hadi kwao Kisii na kurudi na miche ya mikaratusi iliyofungwa kwa maganda ya migomba. Kwao, boma lisilo na mikaratusi ni boma la maskini. Kanisa lilihitaji mbao za kuezekea jengo jipya, na Javan alikubali ipandwe, maana kanisa si mtu wa kuja kudai shamba. Waipande wapi isikaushwe na jua? Waliipanda pale penye unyevu, ikaizunguka chemchemi kama uzi wa shanga. Waliimba wakati wa kuipanda. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Miti ilinyooka upesi, ikawa fahari ya kijiji. Maji nayo yakaanza kupungua. Jambo hilo lilionekana kwanza siku za Ijumaa. Ijumaa ni siku ya maandalio, na akina mama Wasabato huteka maji ya siku mbili ili Sabato isiingiliwe na kazi. Foleni ikawa ndefu, na waliofika mwisho wakarudi na maji ya rangi ya chai. Wengine walilaumu ukame. Wengine waliwalaumu Wakatoliki kwa kufua karibu mno.

"Mimi nimefua pale tangu utotoni," Teresa aliniambia. "Eti sabuni yangu ndiyo iliyokunywa maji."

Kisha yakaja makambi ya mwaka 1995. Maji ya bwawa yalifika magotini tu. Mchungaji kutoka Migori alijitahidi kuwalaza watu ubavu juu ya changarawe, lakini bibi mmoja mnene alipoinuliwa bega lake la kulia lilikuwa kavu kabisa, na Msabato hubatizwa kwa kuzamishwa mwili mzima. Mabishano yakaanza pale pale majini: je, amebatizwa au bado? Mchungaji alichota maji kwa viganja akamwagia bega, na mtu fulani akanong'ona kwamba hivyo ndivyo Wakatoliki wanavyofanya. Bibi akalia. Wazee walikutana siku hiyohiyo wakaamua kwamba kuanzia mwaka ujao ubatizo utafanyiwa ziwani, Sindo.

Bonareri alisimama kanisani. "Tunaikimbia chemchemi kama mgonjwa tuliyemlisha sumu wenyewe," alisema.

Alikuwa amesikia jambo sokoni Migori alipokwenda kununua ndizi. Bwana mmoja wa idara ya maji alikuwa amesimama juu ya pikapu na kipaza sauti, akiwaeleza watu kwamba mkaratusi hunywa maji usiku na mchana na haufai kupandwa penye chemchemi. Wafanyabiashara walikuwa wakipigia kelele bei zao, hawakumsikiliza. Bonareri aliacha ndizi, akasogea, akamwuliza maswali mpaka bwana yule akazima kipaza sauti na kumjibu ana kwa ana.

"Mama Dorah," Mokaya alimwambia nyumbani, "ile miti ni ya Mungu."

"Na maji ni ya nani?"

"Paa la kanisa litatoka wapi?"

"Tutaezeka kanisa ambalo halina mahali pa kubatiza?"

Walikuwa na binti mmoja, Dorah, aliyekuwa katika darasa la ubatizo. Bonareri alitamka mbele ya wazee wote kwamba Dorah habatizwi ziwani. Atabatizwa pale mama yake alipobatizwa, au atangoja. Walimwambia anafanya kiburi. Alisema kama kuitetea chemchemi ni kiburi, waandike hivyo.

Hakukata miti kwa kificho. Wakati wa matangazo ya Sabato aliinuka na kusema atakwenda na shoka na msumeno Jumapili asubuhi, na anayetaka kumzuia ajue saa za kumkuta. Jumapili wanaume walifika wengi, si kuzuia bali kutazama, kwa maana hawakuwahi kuona mwanamke akiangusha mkaratusi. Teresa alikuja moja kwa moja kutoka misa, na vazi lake la misa, akashika msumeno upande wa pili.

Mzee Javan alikuja akiegemea fimbo. "Mama Dorah, wewe hapa ni jadak. Jadak anakata miti ya nani?"

"Ya kanisa langu, mzee. Maji ni yako. Ng'ombe wako wanakunywa wapi siku hizi?"

Javan alikaa juu ya jiwe. Ng'ombe wake walikuwa wakitembezwa hadi ziwani, na kila mtu aliijua njia ile. Mzee alitazama mti wa kwanza ukilala.

Walipoangusha miti yote iliyoizunguka chemchemi, wazee wa kanisa walifanya mambo mawili. Walizichukua mbao wakaezeka jengo, na wakamwondoa Bonareri katika ushirika kwa kuharibu mali ya kanisa. Mokaya, akiwa mzee, aliinua mkono pamoja nao. Nilipomwuliza kwa nini, alisukuma randa yake mara moja, akasema, "Niliipanda kwa mikono hii."

Kila Sabato Bonareri aliketi nje, chini ya ukingo wa paa lililojengwa kwa miti aliyoikata, akaimba kupitia dirishani kwa sauti kubwa kuliko waliokuwa ndani.

Kukata hakukutosha. Visiki vya mkaratusi havifi, huchipua. Basi kila Jumapili alikwenda kuyavunja machipukizi, na hilo ndilo tope nililomkuta nalo sokoni. Pia alitaka kupanda mikuyu, miti ambayo wazee wa pale waliiacha penye maji tangu zamani. Hapo Javan alikataa katakata.

"Jadak akipanda mkuyu leo, wajukuu wake watasema shamba ni lao."

"Basi panda wewe," Bonareri alisema. "Mimi nitakushikia mche tu. Nikijisahau nikaushindilia udongo, nifukuze."

Javan alimtazama kama anatafuta mtego. Kisha akapiga magoti, mzee yule, akapanda mikuyu yote kwa mkono wake mwenyewe huku Bonareri akimpa mche baada ya mche. Tangu siku hiyo hakuna mbuzi anayethubutu kuisogelea, kwa sababu ni miti ya Javan, naye hupita kila asubuhi kuikagua.

Bonareri sasa husema habari hii kila anapouza ndizi, Kisegi, Sindo, mpaka Migori. Migori wanamwita Mama Tope kwa dhihaka. Yeye huitika, kisha humwuliza aliyemwita ana miti gani kando ya kisima chake. Niliwapeleka wanafunzi wangu wamsikilize. Aliwaambia, "Maji hayaibiwi na mtu mbaya peke yake. Hata waimbaji huyaiba." Sijapata somo la maji lililo fupi kuliko hilo.

Mwaka jana walibatizia Sindo. Magugu maji yalikuwa yameufunga ufuo, wanaume wakayasukuma kwa makasia kabla mchungaji hajaingia. Dorah hakwenda. Alikaa na mama yake dirishani.

Mwezi uliopita mchungaji alikuja, akaingia bwawani. Maji yalikuwa yamepita magoti yake. Alitangaza kwamba kama kufikia makambi ya Agosti yatamfika kiunoni, atabatizia hapo. Kuhusu ushirika wa Bonareri, alisema jambo hilo litazungumzwa siku hiyohiyo. Bonareri alimjibu kwamba wazungumze wapendavyo, yeye atakuwa majini kumpokea mwanawe.

Jioni ile Mokaya alichonga kigingi cha mti mgumu, akakata alama penye kimo cha kiuno cha mchungaji, akashuka bondeni peke yake akakipigilia katikati ya bwawa. Hakumwambia mkewe. Asubuhi Bonareri alikikuta.

Mvua za masika zimeanza. Dorah ameshona joho lake jeupe na kulitundika ukutani. Kila asubuhi kabla ya shule hukimbia bondeni kukitazama kigingi, na akirudi mama yake humwuliza swali moja tu, akiwa bado mlangoni: "Bado kiasi gani?" Dorah huinua mkono na kumwonyesha kwa vidole. Nafasi kati ya vidole hivyo inazidi kuwa ndogo, na Agosti bado haijafika.