Picha ya Bibi na Mjukuu, Mlali

Nilipohamishiwa Dodoma kikazi nilipanga nyumba mtaa wa Area D, nikanunua kamera iliyotumika kwa mtumishi mwenzangu aliyekuwa anahama. Nilidhani ukishakuwa na kamera ya maana, picha zitakuja zenyewe. Zangu zilitoka nyeusi tii, au nyeupe kama unga.

Aliyenifundisha ni mama mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti karibu na soko. Wiki mbili za mwanzo hakuniruhusu kupiga hata picha moja. Kila jioni nikitoka kazini alinikalisha mlangoni nitazame wapita njia, nimwambie mwanga unatoka wapi na unamwangukia mtu wapi. Ndipo akanionyesha tundu la lenzi linavyopanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho, na jinsi kasi ya shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, inavyoamua kama mtu anayetembea ataganda au atafutika. Alizoea kusema kwamba kamera haijui nani ni muhimu mbele yake, mpiga picha ndiye anayeiambia.

Jumapili moja alinichukua kwenda naye Mlali, kupiga picha za kipaimara. Ibada ilipokwisha yeye alibaki na wanakwaya, akanituma nje kwa familia. Jua lilikuwa limeshapanda. Binti aliyevaa gauni jeupe akanijia amemshika mkono bibi yake, ambaye alikuwa haoni. Ugonjwa wa vikope ulimpofusha kabla mjukuu huyo hajazaliwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema wanataka picha ya wawili.

Nikawasimamisha uwanjani. Picha ya kwanza, gauni liling'aa hadi mikunjo yote ikapotea, na macho ya bibi yakawa mashimo ya giza. Ya pili ikawa vilevile. Nikawa nahangaika na vitufe huku jasho linanitoka. Bibi alinisubiri, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hapa jua linatupiga utosini. Twendeni kule kwenye baraza."

Akamvuta mjukuu wake hadi barazani. Akasimama, akageuza uso polepole kushoto, akaurudisha kidogo kulia, akatulia.

"Hapa lipo shavuni tu," akasema.

Nikatazama kwenye kamera. Mwanga ulikuwa unaingia kutoka ubavuni, laini, ukipita juu ya kila kunjo la uso wake na kuliacha lionekane. Kile nilichokesha nikikitafuta kwa macho mawili mazima, yeye alikipata kwa ngozi. Nikapima mwanga wa uso wake, nikabonyeza.

"Sasa nisomee hiyo picha," akasema.

Nikaanza kumweleza kitenge chake na kilemba chake. Akanikatiza, akasema hivyo anavijua, amevivaa mwenyewe. Alitaka kujua mjukuu wake anatazama wapi. Nikarudi kwenye kioo cha kamera. Binti hakuwa anaitazama kamera kabisa, na mimi niliyepiga sikuwa nimeliona hilo.

"Anakutazama wewe, bibi."

"Ananitazamaje?"

Nikaukuza uso wa binti kwenye kioo. Nikamwambia kwamba amebana midomo na kuzuia pumzi, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni na hataki hata tone limwagike. Binti akainamisha kichwa kwa haya. Bibi alimtafuta mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili, na machozi yakamtiririka bila yeye kuyafuta.

Kwenye basi la kurudi mjini nilimwonyesha mwalimu wangu ile picha. Kwa kawaida hakukosa la kusahihisha. Safari hii aliitazama sana, akanirudishia kamera, akageukia dirishani.

Baada ya wiki tatu niliipeleka Mlali ikiwa kwenye fremu. Bibi aliuliza yeye yuko upande gani, akaweka kidole hapo, kisha akakisogeza hadi kwenye uso wa mjukuu na kukiacha palepale. Majirani wakasogea. Akawaeleza kwa Kigogo, taratibu, kwa muda mrefu, nao wakawa wanainama kuangalia kila alichokitaja. Mimi Kigogo sikijui, kwa hiyo nikamuuliza binti anasema nini.

"Anasema tangu azaliwe hajawahi kuona picha nzuri kama hii."

Hakuna aliyecheka.