Kawa la Landrova

Miaka ile nilikuwa nikishona mifuniko ya spea pale Garsen, na kiburi nilikuwa nacho cha kutosha watu wawili. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Wateja wangu walikuwa wenye magari makuukuu, landrova za enzi ya mkoloni ambazo gurudumu la spea hufungwa nje, kwenye mlango wa nyuma, likaliwa na jua mpaka mpira ukapasuka. Nilikata turubai duara, nikapitisha kamba ukingoni ili ikazike, kisha nikachora: swala, mwezi na nyota, jina la kifungua mimba wa mwenye gari. Turubai niliziokota kokote, na baada ya mafuriko makubwa ya mwaka wa tisini na saba hazikuwa haba.

Mteja aliyenifanya nikajijua nilivyo alikuwa mzee wa Kiorma, mchuuzi wa ng'ombe, mpole sana. Alikuwa amenunua landrova iliyotelekezwa Kipini, nyuma ya zile nyumba kongwe za serikali, majani yakiwa yameota mpaka kwenye viti. Aliitengeneza kwa miaka miwili. Usukani, taa, hata kijani chake cha zamani, vyote alivirudisha vilivyokuwa. Ilibaki spea tu. Nikamshonea mfuniko wa turubai na nikamchorea ng'ombe mwenye pembe ndefu, nikidhani nimemjulia.

Aliutazama kwa muda mrefu.

"Fundi," akasema, "hii ng'ombe ama punda?"

Waliokuwa kibandani walicheka. Mimi sikucheka.

"Usikasirike," akaniambia. "Lakini hii kila gari iko nayo. Mimi nataka ile hakuna mtu iko nayo."

Mtu mwenye akili angechora ng'ombe mwingine. Mimi niliusokomeza ule mfuniko nyuma ya cherehani na nikanuna mpaka adhuhuri. Jirani alinihurumia akanikaribisha chakula, na juu ya sinia palikuwa na kawa la kufunikia chakula, lile la kusukwa kwa ukili wa miyaa, la rangi ya zambarau na kijani. Nililitazama hata nikasahau kula. Lilikuwa duara. Likiongezwa upana kidogo, lingeenea gurudumu zima.

Nilimjua msusi wa makawa kuliko watu wote. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea Kipini baada ya mama kufariki, na makawa yake yalikuwa yakiombwa mpaka Lamu. Ila alikuwa ameacha. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilianza kuingia ukungu. Akisuka, alisuka mikeka ya kuanikia, ya ukili mnene, ambayo vidole huweza kuifanya vyenyewe. Hayo yote niliyajua. Nilipanda gari nikaenda vivyo hivyo, na mfukoni nilikuwa na uzi niliopimia lile gurudumu.

Njiani niliitunga hadithi yangu. Kwetu kawa ni kitu cha chakula. Haliwekwi chini, halirukwi, na mtoto akilichezea huchapwa. Niliona haya kumwambia kwamba nataka alisukie tairi. Nikamwambia ni la harusi, la kufunikia sinia ya bibi arusi.

Aliupima ule uzi kwa mkono wake. "Sinia gani kubwa hivi, mwanangu? Bibi arusi ala na kijiji kizima?"

"Ukoo wao ni mkubwa, shangazi."

"Na kwa nini liwe bapa? Kawa ni sharti liinuke kati, chakula kipumue."

"Ndiyo fasheni ya Mombasa siku hizi."

"Mombasa wameingiwa na wazimu," akasema, akacheka. Kisha akaupitisha uzi katikati ya vidole. "Nilikuwa nimewata kusuka makawa. Mato yangu hayanipi. Lakini la bibi arusi siwezi kukataa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na nafasi, chai ilikuwa bado haijamiminwa. Nilisema, "Mungu akuzidishie, shangazi," nikaomba sukari.

Alilisuka kwa miezi mitatu. Waliomwona waliniambia baadaye kwamba alikuwa akitoka barazani asubuhi tu, jua likiwa upande wake, na mwanga ukibadilika huacha. Alizichana chane nyembamba kabisa, za kawa la arusi. Lilipofika Garsen, limefungwa ndani ya leso mpya, nilikaa nalo magotini. Sijaona kazi kama ile tena. Miraba midogo ya zambarau ilizunguka kutoka katikati mpaka ukingoni bila kukosea, isipokuwa karibu na mwisho, ambapo mraba mmoja ulikuwa umepinda. Nilijua kwa nini umepinda. Nikatoboa matundu ukingoni nikapitisha kamba.

Mzee alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Landrova ikapita mjini polepole na watu wakasimama. Waliponiuliza nani fundi, nilisema, "Fundi si mimi?" Nililisema mara nyingi wiki ile. Na kila mvua iliponyesha, nikaliona lile kawa linapita limejaa tope jeusi, nilitazama upande mwingine.

Kisha likaja tangazo kwamba daktari wa macho angekuja Garsen kwa siku mbili. Nilimpelekea shangazi habari ajitayarishe, nikakusudia kwenda kumchukua mwenyewe kwa basi. Sikujua kwamba yule mzee alikuwa Kipini kwa shughuli zake, na kwamba aliposikia kuna mama wa fundi wake anayetaka kuja Garsen, alimtuma mtu ampakie alfajiri. Wema wake ndio ulionimaliza.

Nilikuwa kibandani landrova iliposimama. Mzee alikuwa amempa shangazi kiti cha mbele akakikataa, akataka kukaa nyuma na wanawake wenziwe. Kwa hiyo ilibidi ashukie mlango wa nyuma. Nilikimbia. Nilipofika alikwisha kutia mguu mmoja chini, na ili asianguke aliushika mlango. Mkono wake ulitua juu ya kawa.

Haukuondoka. Vidole vilitembea kwenye miraba taratibu, vikipukutisha tope lililokauka, mpaka vikaufikia ule uliopinda. Hapo vikasimama.

"Shangazi, shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akavuta ncha ya leso yake, akaanza kufuta tope. Alifuta pote, kwa utaratibu, kama anayemfuta mtoto uso, na abiria wakimngoja apishe. Kisha akasema, "Nipeleka ndani. Jua kali."

Nilimwingiza kibandani, ambamo pia nililala, nikampakulia wali na samaki. Nilikuwa nikitafuta neno la kuanzia, na nzi walikuwa wengi.

"Funika chakula," akasema.

Sikuwa na kitu. Mtoto wa msusi wa makawa hakuwa na hata kimoja ndani ya chumba chake. Niliangaza huku na huku, na kilichokuwa karibu, duara na safi, ni ule mfuniko wa turubai nyuma ya cherehani. Nikaufunika juu ya sinia.

Alipotaka kula aliugusa. Aliupapasa mshono, kamba, kisha rangi iliyoganda katikati.

"Hiki ndicho cha gari?"

"Ndicho, shangazi."

"Umeshona wewe?"

"Mimi."

"Mshono wako umenyoka. Na hapa umetora nini?"

"Ng'ombe."

"Mashallah," akasema, kwa dhati kabisa, kwa sababu hakuweza kumwona. Aliuweka kando polepole. Nilijiona mchafu kuliko lile gurudumu. Nilianza kusema kwamba nilihofia angekasirika, kwamba kawa ni kitu cha heshima, kwamba nilitaka kumwambia siku ile ile.

"Mbona hukunambia?" akanikatiza. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa nayo. "Ningekusukia la gari. La ukili mnene, siku tano tu, hata mato singeyahitaji. Tungeteka mpaka mbavu ziume, mimi na wewe."

Siku iliyofuata daktari alimwangalia, akasema amechelewa, na kwamba kusuka hakukumdhuru, macho yangekwisha tu kwa vyovyote. Aliyasema hayo akinitazama mimi, akidhani ananiliwaza. Lakini mimi nilizijua asubuhi zile za mwisho za mwanga wake zilikwenda wapi. Zilikuwa nje, zimefungwa kwa kamba nyuma ya landrova, na bibi arusi hakuwapo.

Ila siku ile alipofika, alikula wali wangu wote. Alipomaliza akanyoosha mikono nimnawishe. Ncha za vidole zilikuwa bado na nyufa za zile chane nyembamba, zambarau imeingia ndani yake. Nilimimina maji nikitazama ukutani, yakamwagika mkekani.

"Tazama unapomimina," akasema.