Stempu mbili za pamba zilizosimamisha mazishi ya babu Ochola

Habari zenu wakuu.

Nimekaa na hii kitu wiki tatu. Naandika vile ilivyotokea, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni mwalimu hapa Awendo. Tangu form two nakusanya stempu za posta, na watu wa kwetu wananicheka kwa hiyo.

Dani, nyanya yangu mzaa baba, anaishi Mbita. Ana miaka zaidi ya themanini. Mdogo wake, Ochola, alitoka nyumbani akiwa kijana akisema anaenda Jinja kutafuta kazi. Zilikuja barua mbili, halafu kimya. Walimtafuta Uganda mpaka wakachoka.

Mwaka huu ukoo ukaamua yatosha. Kwa sisi Wajaluo, mtu akipotea kabisa anazikwa kwa niaba: tunalaza kaburini tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, na linaliliwa kama maiti. Mazishi yakapangwa Jumamosi.

Jumatano nilifika kusaidia. Dani akanipa bahasha mbili kuukuu. Barua zenyewe mchwa walikula kitambo, lakini bahasha alikuwa akiwekea mbegu za malenge.

"Nyakwara, mjukuu wangu, chukua hizo picha zako," akasema. "Mwenyewe hatazihitaji."

Kila bahasha ilikuwa na stempu yenye picha ya pamba. Juu yake majina ya nchi tatu: Uganda, Kenya, Tanganyika. Zamani hizo posta ilikuwa moja, na stempu ile ile ilitumika kote.

Nikaona kitu. Kijani cha moja kilikuwa kimeiva kuliko cha nyingine. Nikafungua katalogi yangu: ni printing mbili tofauti, yaani zilichapwa kwa awamu mbili, ya pili ilitoka miaka kadhaa baada ya ya kwanza.

Wakuu, nikafanya kosa ambalo mkusanyaji hufanya akishikwa na furaha. Nilijaza beseni maji ili nizibandue.

Bahasha ya kwanza ilikuwa sentimita chache juu ya maji nilipokumbuka kupiga picha kwanza. Nikazoom. Muhuri wa posta ulikuwa umefifia, tarehe haisomeki, lakini herufi za mwisho zilikuwa wazi: SOMA.

Nikachukua ya pili. MUSO, halafu doa.

Musoma. Tanzania. Ukivuka mpaka hapo Isebania, ni safari ya saa chache.

Printing mbili za miaka tofauti, mji mmoja. Huyu mtu hakuwa anapita Musoma. Alikuwa anaishi huko.

Nikamwita baba mdogo, ndiye alikuwa anasimamia mazishi.

"Unataka nisimamishe mazishi kwa sababu ya rangi ya stempu?" akaniuliza.

"Je, tukimzika akiwa hai?"

Kwetu hilo halisemwi hata kwa utani. Baadaye akaniambia nitafute pasipoti ya muda, tunaondoka Ijumaa alfajiri.

Musoma tuliuliza kanisani, kwa sababu Wajaluo wako wengi upande ule. Mama mmoja muuza dagaa akasikia jina la baba yake Ochola, akatutazama sana, akasema, "Huyo mzee ni jirani yangu."

Tulimkuta ameketi mlangoni akitengeneza kiti. Jicho moja halioni. Uso ni wa Dani mtupu.

Baba mdogo akamweleza sisi ni nani.

Mzee alisema Jinja hakuwahi kufika. Alipata kazi Musoma, akaandika mara mbili, na anwani ya duka la tajiri wake aliiweka juu kabisa ya barua, pembeni.

Nikakumbuka alivyonieleza Dani. Hakujua kusoma. Jirani ndiye aliyewasomea, akianzia "Dada mpendwa." Ile pembe ya juu hakuna aliyeisoma. Majibu yote yalitumwa Jinja.

"Nilidhani mmenifuta," mzee akasema.

Tukampigia Dani. Nikaweka loudspeaker, mzee akamsalimu. Dani akauliza:

"In Ochola adier?" Wewe ni Ochola kweli?

"Ni mimi."

"Kesho ilikuwa tukuzike, mjinga wewe."

"Mngezika nini?"

"Yago."

"Kubwa ama ndogo?"

"Ndogo. Kubwa hazikupatikana."

"Hata kwa mazishi yangu, dada, umebana."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Dani alikuwa analia. Baba mdogo akatoka nje kupigia watu wa hema la mazishi wasije kesho.

Nilichojifunza: usiloweke stempu kabla hujasoma bahasha nzima, mbele na nyuma. Stempu peke yake ilisema nchi tatu. Muhuri ndio ulisema mji, na kile kijani tofauti ndicho kilituambia alikaa.

Kama kwenu kuna bahasha za zamani za mtu aliyepotea, weka picha hapa chini, muhuri uonekane. Na mnaojua printing za zile za pamba kuliko mimi, nikosoeni. Niko tayari kusahihishwa.