Vidole vya Mpiga Pondo

Boti ya injini iliwashinda bei, kwa hiyo mshonaji na mumewe wakapanda mtumbwi. Mume alitazama mbele. Mke aligeukia nyuma amtazame mpiga pondo, maana maji yalimtia kiwewe. Mtu huyo alisimama mwishoni kabisa, miguu peku, akipiga mluzi kupitia pengo la meno. Kila walipokaribia kona ya matete aligonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo lake refu la kusukumia. "Hodi, wenye nyumba." Mahali fulani kiboko alikoroma, ndipo wakapita upande wa pili. "Akiitika najua alipo," alisema. "Wa kuogopwa ni asiyeitika."

Kwenye kona moja aligonga, kimya. Akagonga tena, kimya. Mluzi uliendelea na uso ulicheka, ila vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeng'ang'ania ubao kama kuku aliyelala juu ya kijiti.

"Mbona tumesimama?" mume aliuliza.

"Tunapumzika kidogo, shemeji."

Mshonaji akaona mstari wa povu ukija nyuma ya mgongo wa mtu yule. Mpiga pondo hakugeuka. Alikuwa akiyasoma macho ya mshonaji.

"Dada," alisema kwa sauti ile ile ya utani, "huyo bado yuko mbali, au ameshafika?"