Kache Anamuulizia Dancan

Kwa miaka thelathini na moja Gunga alikuwa dobi wa mtaa wa Kibokoni. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba ya Bi Mwanakuu, mlango wake ukifungukia kichochoroni, na waliopita kwenda msikitini walimwona kila siku ameinama mezani, pasi ya makaa mkononi. Mwenyewe alikuwa Mgiriama wa Kaloleni na mzee wa kanisa. Hilo halikumzuia mtu kumletea kanzu. Mzee Muhdhar, aliyesomesha watoto Kurani chuoni, hakukubali kanzu yake ya Ijumaa iguswe na mkono mwingine, kwa kuwa Gunga alijua kutia wanga wa kiasi, nguo ikasimama bila kukwaruza shingo.

Chumba cha nyuma ndicho walichoishi yeye na mkewe, Kache. Walikuwa na watoto wawili. Rispah, mkubwa, alikuwa mwalimu Voi. Wa pili, Dancan, alishikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka ishirini na miwili, na siku ya tatu akafa. Walimzika Kaloleni. Siku ile Gunga alikataa kuondoka kaburini, na Kache ndiye aliyemshika mkono. "Tutamwona, Baba Rispah," alimwambia. "Mimi sina shaka. Simama twende." Alisema vile kama mtu anayetaja safari ya wiki ijayo, naye Gunga akasimama. Kwa miaka mingi baadaye, kila imani yake ilipolegea, aliegemea ile ya mkewe. Gunga alikuwa akiamini kwa bidii. Kache aliamini tu, kama anavyopumua.

Kusahau kulianza kidogokidogo. Chumvi ilitiwa mara mbili, halafu haikutiwa kabisa. Siku moja Kache alikwenda Marikiti kununua mchicha akashindwa kurudi, njia aliyoipita maisha yake yote. Hamali mmoja aliyemfahamu ndiye aliyemleta, akisukuma mkokoteni kwa mkono mmoja. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ubongo wake ulikuwa ukichakaa, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha. "Mtunze tu, mzee," alisema. Gunga alingoja aambiwe lingine la kufanya. Hakuambiwa.

Kisha asubuhi moja, akimimina chai, Kache aliuliza, "Dancan amekunywa?"

Gunga aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Mama Rispah, Dancan alifariki. Ni miaka kumi na moja sasa."

Kache aliketi sakafuni. Alilia kilio cha mtu anayepata habari kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa ya kwanza. Akamlaumu mumewe kwa kumficha, akauliza nani aliyemwosha mtoto, na kama alimwita mama yake. Adhuhuri alikuwa amesahau. Kesho yake, chai ilipokuwa mezani, aliuliza tena, na Gunga akamwambia tena.

Siku ya nne Bi Mwanakuu alishuka ngazi akiwa amejitanda leso. "Gunga, ndugu yangu, wamfisha mtoto wake kila asubuhi. Huko juu nasikia, nami siwezi kula."

"Nifanye nini, Bi Mwanakuu? Nimdanganye?"

"Mwambie yuko safarini."

Akajaribu. Alimwambia Dancan ameenda kazini, na Kache akafurahi, akamtengea sahani ya wali, akakaa mlangoni kumngoja. Wali ulipoa. Wapita njia walimsalimia, naye akawauliza kama wamemwona kijana wake. Alasiri bado alikuwa pale, yeye mwenyewe hajala chochote, na nzi wamejaa sahanini. Gunga alipiga pasi akiwa amempa mgongo, maana uso wake hakuweza kuutazama.

Ndipo asubuhi iliyofuata, alipoulizwa, lilimtoka jibu ambalo hakulipanga. "Tutamwona," alisema.

Kache alimtazama sana. Hakulia. "Lini?"

"Siku yenyewe ikifika."

"Kesho?"

"Sijui, Kache. Siku hiyo hatukuambiwa."

Kache alitikisa kichwa kwamba ameelewa, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la buluu la kanisani, mkoba begani. Akaketi kwenye benchi, magoti pamoja, akawa tayari. Baada ya muda akasema, "Hatuendi?"

Basi ikawa hivyo kila siku. Halikuwa jibu la uongo, wala halikumwangusha sakafuni, lakini lilimweka kwenye benchi. Zamani Gunga aliposema ufufuo na dunia mpya aliona kitu kikubwa na cha mbali, kilichompa nguvu. Sasa kilikuwa mwanamke mwenye mkoba, anayeuliza kila nusu saa kama ndio wakati, na yeye hana la kumpa. Alijikuta akiomba siku ile ije haraka, si kwa ajili ya mbingu, bali ili Kache ainuke pale alipoketi.

Kanisani nako mambo yaliharibika. Kache aliyekuwa akiwafundisha akina mama nyimbo bila kitabu sasa alisimama kimya wengine wakiimba. Sala ambayo kila mtoto anaijua ilimpotea katikati. Jumapili ya Chakula cha Bwana alipokea kipande cha mkate, lakini hakukila. Alifungua mkoba, akakiviringisha katika kitambaa. Mzee mwenzake Gunga aliyebeba sahani aliinama akamnong'oneza, "Mama, ule."

"Hiki cha Dancan," Kache alisema, kwa sauti iliyosikika hadi viti vya nyuma. "Tunakwenda kumwona."

Yule mzee alimgeukia Gunga, akitaka amnyang'anye. Gunga hakujua kama mkate ule ulikuwa umekosewa heshima au umepewa heshima kuliko yote waliyokula wao. Aliutazama mkoba ukifungwa, asiinue mkono.

Jumanne yake Mchungaji Crispus aliwatembelea. Alikuwa kijana, aliyeanza kuchunga kanisa lile mwaka uliopita. Hakuuliza habari za mkate. Alikaa kando ya meza ya pasi, na Gunga akamuuliza lile lililomsumbua.

"Mchungaji, sisi twasema anayeamini ataishi. Mke wangu hajui tena anaamini nini. Jana nilimtajia jina la Yesu, akaniuliza kama ni jirani. Je, siku ile atahesabiwa?"

Mchungaji Crispus alisogeza kiti karibu. "Mzee, sidhani Mungu anatushika kwa kumbukumbu zetu. Mama amemsahau, lakini yeye hakumsahau mama. Atakayemwita ni yule anayemjua jina."

"Na mimi, Kache atanijua?"

"Naamini atakujua. Na atajijua mwenyewe."

Gunga alikunja kanzu, akaiweka juu ya nyingine. "Nashukuru. Neno hilo nimelipokea, na naliamini," alisema. "Lakini ukishaondoka ataniuliza mimi ni nani. Itakuwa leo, mchungaji, si siku ile."

Mchungaji aliinuka. Kisha akavua saa yake, akakunja mikono ya shati na kumsaidia kukamua shuka zilizokuwa ndani ya beseni. Walizikamua mpaka zikaisha.

Kweli Kache hakumjua tena. Alimwita kaka. "Kaka, mume wangu akija, mwambie nimengoja sana," alisema. Gunga akimletea chakula, alishukuru kwa adabu kama mgeni. Siku moja, Gunga alipokuwa darini, juu ya nyumba, akianika nguo, Kache alitoka peke yake. Gunga alizunguka Makadara yote akiuliza kila duka, viatu vya plastiki vikimtoka miguuni. Alimkuta karibu na Ngome ya Yesu, ameketi kivulini na kijana mmoja aitwaye Shukri, mtembeza wageni, ambaye alikuwa ameacha kazi yake kukaa naye.

"Amesema anakwenda kumwona mtoto wake, na kwamba leo ndiyo siku," Shukri alieleza. "Nikamwambia gari halijafika. Samahani mzee, sikujua la kusema."

"Mimi pia sijui," Gunga alimjibu.

Tangu hapo, akipanda darini, alimfungia kwa ufunguo. Kule juu, baina ya kanzu zilizotundikwa, alimsikia akigonga mlango na kuomba afunguliwe asije akachelewa.

Mvua kubwa zilipoanza Kache alishikwa na kichomi. Walimlaza hospitali, kitanda cha dirishani, na Rispah akaja kutoka Voi. Mama yake alimdhania kuwa nesi. Bi Mwanakuu alileta uji wa mtama kila siku, akaketi, akasoma dua zake taratibu upande wa pili wa kitanda, na Gunga akaomba za kwake upande huu, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Dawa zilitiwa mshipani. Homa ilishuka, ikapanda.

Asubuhi ya tano Rispah alikuwa ametoka kununua maji. Gunga alikuwa akimpangusa Kache uso kwa kitambaa chenye maji. Kache alifumbua macho akamtazama kwa wema mwingi.

"Wewe ni mtu mzuri," alisema. "Una watoto?"

"Ninao wawili."

"Wako wapi?"

"Mmoja yuko hapa, ametoka kidogo. Mmoja..."

Gunga alilitafuta lile neno, tutamwona. Alikuwa amelisema kila siku kwa muda wa mwaka mzima, na wakati huo halikuja. Kache alingoja kwa adabu. Kisha akachoka kungoja, akafumba macho, na Gunga akaendelea kumpangusa paji la uso mpaka nesi alipofika, akamgusa Kache shingo, akamwambia Gunga, "Mzee, yatosha sasa."

Walimzika Kaloleni, kando ya mwanawe. Watu wa Kibokoni walikwenda kwa basi dogo walilolikodi, Mzee Muhdhar akiwa mbele karibu na dereva. Mchungaji Crispus alihubiri habari za machozi yatakayofutwa na miili isiyozeeka, na dunia ambayo kifo hakitakuwa na kazi ndani yake. Gunga alisikiliza neno baada ya neno. Aliamini yote. Hakukuwa na moja aliloliona la uongo, na hakukuwa na moja lililomsaidia kuinua chepe alipoambiwa atie udongo. Rispah alimshikia mpini.

"Baba, njoo ukae nami Voi," alimwambia jioni ile. "Kibokoni utabaki na nani?"

"Sijui," alisema Gunga. "Nipe siku chache."

Baada ya wiki tatu za kukaa Kaloleni alirudi Kibokoni, kwa sababu nguo za watu zilikuwa ndani na hakujua pengine pa kwenda. Mzee Muhdhar alikuja kumpa pole mara ya pili. Alikaa kwenye benchi, na kwa muda mrefu wakatazamana na ukuta wa ng'ambo.

"Sheikh, nyinyi mwaamini watu watajuana?" Gunga aliuliza.

"Twaamini, tukijaaliwa," alisema Muhdhar. "Mimi nina mama nataka kumwona."

"Mimi nilitakiwa kumwambia Kache jambo, nikashindwa."

Muhdhar alisogea karibu naye kwenye benchi. Alikaa naye mpaka adhana, akaaga.

Jumapili Gunga alikwenda kanisani. Waliimba wimbo wa mji ule wa mbinguni usio na usiku. Alisimama pamoja na wengine, lakini sauti haikutoka, na ubeti wa pili ulipoanza akaketi. Mwanamke aliyekuwa kando yake, mgeni asiyemjua, alidhani mzee hajui maneno. Alimsogezea kitabu cha nyimbo, akamwonyesha mstari kwa kidole, naye Gunga akaufuata mstari ule kwa macho, kimya, hadi mwisho.